Wali wa nazi wa Singapore: kisa cha mwanafunzi aliyepunguza nusu ya gharama za chakula

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni kijana wa mwambao wa Tanzania anayesoma shahada ya uzamili nchini Singapore. Ameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba nisitaje chuo, fani wala mtaa anaoishi, kwa hiyo humu nitamwita "kijana". Hesabu zimetoka kwenye simu yake, na zote ni za dola ya Singapore, ambayo wakati ule ilikuwa inacheza kwenye shilingi 1,900 za Tanzania. Mimi ni mhasibu. Nimemtangulia kufika huku kwa miaka michache, ndiyo maana ananiita kaka.

Usuli

Kijana aliwasili Agosti 2023. Posho yake ni dola 2,300 kwa mwezi. Chumba ni dola 950, ndani ya nyumba ya ghorofa za serikali, kwa mama mmoja wa makamo ambaye siku ya kwanza kabisa alimpeleka jikoni na kumpa masharti: kuchemsha maji ruksa, kupasha chakula ruksa, kukaanga marufuku. Si ukali wake peke yake. Vyumba vingi vya kupanga hapa hukodishwa hivyo, na wengine hawataki hata uchemshe yai. Nyumbani anatuma dola 300 kila mwezi, na hiyo haijadiliwi.

Katikati ya Januari 2024 akanipigia simu. "Shikamoo kaka. Nataka unikopeshe dola 200, lakini usiniulize za nini." Nikamwambia marahaba, nitakupa, ila nitakuuliza.

Yeye alikuwa ameshahukumu kwamba kinachomla ni kodi. Nilimwomba aandike kila senti ya chakula na kinywaji kwa siku 14, asibadilishe chochote, asijibane ili nimwone mwema. Zilitoka dola 447. Chakula cha kuagiza kwa simu na kuletewa mlangoni, mara saba, dola 131. Kula kwenye majumba ya maduka, mara 12, dola 148. Kahawa na vinywaji baridi dola 64. Chakula cha mchana chuoni dola 52. Mikahawa ya wikiendi, mara mbili, dola 52 nyingine. Wastani ni karibu dola 32 kwa siku, yaani dola 958 kwa mwezi wa siku 30. Chakula kilikuwa kimeipita kodi, naye hakujua.

Risiti moja ya mkahawa niliiweka kando nimwoneshe. Kwenye menyu alichagua vitu vya dola 27. Juu yake mkahawa unaongeza asilimia 10 ya huduma, ikawa 29.70. Juu ya hiyo 29.70 ndipo inapigwa kodi ya mauzo, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2024 ni asilimia 9. Alilipa 32.37. "Mimi nilijua nimekula 27," akasema.

Kilichokuwa chini ya hesabu

Swali langu la kwanza lilikuwa la kila anayeishi Singapore: kwa nini huli hawker centre? Kwa asiyevijua, hivi ni vituo vya wachuuzi wa chakula, paa moja kubwa lisilo na kuta, vibanda kwa makumi vimezunguka meza za pamoja. Viko zaidi ya 110 kisiwa kizima. Serikali ilivijenga kwa wingi kati ya 1971 na 1986 ili kuwatoa wachuuzi barabarani na kuwapa maji, umeme na mifereji ya kutolea maji machafu. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wake kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Hata leo mtu anakula akashiba kwa dola 4 au 5.

Jibu lake lilinivunja maneno. Kijana ni Mwislamu anayechunga anachokula. Wiki ya kwanza aliingia kituo cha jirani na kwake, akaona nyama ya nguruwe imetundikwa kwenye kioo hatua chache kutoka kwa muuza wali, akageuza. Hakurudi kwa miezi mitano. Tangu hapo akawa anakula pale tu alipoona cheti cha halali cha MUIS, baraza la dini ya Kiislamu la Singapore, kimebandikwa wazi mlangoni. Pahali pa kukiona kwa urahisi ni kwenye maduka ya kuku wa kukaanga na baga ndani ya majumba ya maduka, au kwenye programu ya kuagizia chakula, ambako unachuja kwa neno halali na mambo yamekwisha.

Mimi nilikuwa nimeshamwandalia mawaidha ya israfu. Kumbe zile dola 131 na 148 zilikuwa bei ya tahadhari. Nilishukuru kwamba niliuliza kabla ya kuhubiri.

Mpango wa kwanza: sahani ya dola tatu (1 hadi 14 Februari)

Tulipitia njia tatu. Kupika tuliiacha mara moja kwa ajili ya mama mwenye nyumba, na pia kwa kuwa kijana anatoka maabara saa tatu usiku. Kula chuoni tu nako kusingetosha, maana mabanda ya chuo hufungwa mapema na wikiendi mengi hayafunguliwi. Vikabaki vituo vya wachuuzi.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, si lake. Nilimwambia atafute sahani za bei ya chini kabisa zilizo halali, na dola 12 kwa siku ziwe dari. Kijana ni mtu wa utafiti, akalichukua kama utafiti. Akaorodhesha vibanda kisiwa kizima. Akawa anapanda treni kutoka magharibi hadi Geylang Serai, soko la Wamalei upande wa mashariki, ambako karibu kila kibanda ni halali na hana haja ya kuuliza.

Alifurahi, nisiseme uongo. Alinitumia picha ya nasi lemak na maandishi: "Kaka, hawa wanakula wali wa nazi!" Na kweli ni wali wa nazi, umepikwa na jani la pandani, pembeni dagaa wa kukaanga na karanga, yai, vipande vya tango, na pilipili ya kusaga yenye utamu kidogo. Siku nyingine akakuta acar, akaonja, akaniuliza mbona hii ni achari. Neno na kitu vyote vimevuka bahari ileile. Kwa mtoto wa mwambao, kituo cha Wamalei si ugenini kihivyo.

Siku kumi za kwanza alitumia dola 118 kwa chakula, na dola 27 zikaenda kwenye nauli za safari saba za kufuata chakula hicho. Hiyo ni dola 14.50 kwa siku. Kwenye karatasi, ushindi mkubwa.

Siku ya kumi na moja akaagiza chakula mlangoni. Ya kumi na mbili akaagiza tena. Siku nne za mwisho zilikula dola 122, wastani wa dola 30 na nusu kwa siku, yaani alikuwa amerudi Januari. Aliponieleza alikuwa na aibu kama aliyekutwa akila mchana wa Ramadhani. Maelezo yake yalikuwa mafupi: ametoka maabara saa tatu usiku, njaa inamuuma, vibanda vya nasi lemak na mee rebus (tambi za mchuzi mzito) anavyovijua hufunga saa nane mchana au vikiisha chakula, na Geylang Serai iko karibu saa nzima kwa treni. Tena mchana alikula sahani ya dola 3 ili asivuke dari, na sahani ya dola 3 ni ndogo.

Mpango wa pili: njia ya kila siku

Tulikaa Jumamosi moja na karatasi. Tukafuta orodha ya kisiwa. Tukachora mstari mmoja: chumbani, kituo cha treni, maabara, na kurudi. Kibanda chochote kilicho zaidi ya dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye mstari huo hakihesabiwi, hata kikiuza kwa dola 2.

Kisha tukaenda pamoja kwenye kituo kile alichokikimbia Agosti. Tulivizunguka vibanda vyote polepole. Vinne vilikuwa vyake: viwili vina cheti cha MUIS, na viwili wenyewe ni Waislamu wasio na cheti, wameandika tu kwenye bango. Kuhusu hivi viwili nilimwachia mwenyewe. Aliamua atamuuliza mwenye kibanda uso kwa uso, akiridhika atakula. Nilimwonesha pia rafu za kurudishia sinia zilizotenganishwa, upande wa halali na upande mwingine, kwani hofu yake nyingine ilikuwa vyombo kuchanganyika. Hilo lilimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Kibanda cha wali na mboga kinaendeshwa na mama wa Kimalei ambaye wateja wote wanamwita makcik, kama sisi tunavyosema mama au shangazi. Siku ya kwanza kijana alinyoosha kidole: samaki yule, ngisi, na mboga. Dola 8.20. Alilipa kimya, akaja mezani amenuna. Nikamuuliza, ungekuwa kwa mama ntilie nyumbani ungelipa bila kuuliza bei? Akacheka. Kesho yake aliuliza kabla ya kunyoosha kidole. Makcik akamweleza bila kinyongo: vitu vya baharini ndivyo vinavyopandisha; chukua yai au kuku mmoja, tempe, na mboga moja, ni dola 4.50, na mchuzi nakumwagia bure. Tempe ni soya iliyochachushwa ikagandamana kama kipande cha mkate, ikakaangwa. Inashibisha vibaya sana.

Dari ya dola 12 tuliipandisha hadi 16. Uamuzi huu ulimshangaza, akaniuliza kama mhasibu nimechoka. Sababu ilikuwa kwenye daftari lake mwenyewe: kila siku aliyokula chini ya dola 4 mchana, usiku aliagiza au alinunua vitafunwa. Mchana ukawa mlo mkubwa, dola 5 au 5.50. Usiku akapata kibanda cha Wahindi Waislamu kinachokaa wazi hadi saa tano, roti prata mbili na mchuzi wa dengu. Prata ni binamu wa chapati zetu za kusukuma, tabaka kwa tabaka, ila hawa huurusha unga hewani hadi uwe mwembamba kama kitambaa.

Vinywaji navyo tukavishughulikia. Kahawa ya dola 6 na zaidi kwenye maduka ya viyoyozi ikaisha. Chai ya kibandani ni dola 1.40, na akajifunza maneno matatu ya kuagizia: teh o ni chai ya rangi, kosong ni tupu bila sukari, bungkus ni nifungie niondoke nayo. Hilo la mwisho alilitumia kidogo, kwani kisanduku cha kubebea nacho kinalipiwa senti 30.

Mwisho, tuliondoa kadi ya benki kwenye programu ya kuagizia. Hatukuifuta programu. Alitaka ibaki kwa dharura, na nikaona ni haki yake, ila kila akitaka kuagiza itabidi aingize tarakimu 16 kwa kidole.

Ramadhani, na shimo ambalo hatukuliona

Mwaka mpya wa Kichina uliangukia 10 Februari. Vibanda vya Wachina vikafungwa siku kadhaa, vyake vikabaki wazi. Hili lilitudanganya sote wawili: tukajiona tuko salama na sikukuu.

Ramadhani ikaanza 12 Machi. Misikiti mingi ya hapa hupika uji wa wali na nyama, bubur, na kuugawa alasiri kwa yeyote anayepanga foleni, awe Mwislamu au la. Kijana akawa anafuturu msikitini, na daku ni mkate na mayai aliyochemsha, yaliyoruhusiwa na mama mwenye nyumba. Machi ilimalizika kwa dola 402, ingawa jioni mbili za kwenye bazaa ya Ramadhani ya Geylang zilimtoa dola 41. Bazaa ile si mahali pa kubana matumizi. Aendaye pale ajue anaenda kutembea.

Sikukuu ikawa Jumatano, 10 Aprili. Makcik akafunga, na kibanda cha pili cha Kimalei kikafunga. Cha tatu kikafunga. Prata peke yake ndiyo ilibaki, nayo siku ya Idi ilifungua jioni. Wamalei hutembeleana siku nyingi baada ya Idi, na wengine hawarudi kazini kwa wiki nzima. Kama kwamba haitoshi, siku mbili za wiki iliyofuata kituo kizima kilifungwa kwa usafi, jambo linalofanyika mara kadhaa kwa mwaka. Kijana aliingiza zile tarakimu 16. Siku sita, dola 131.

Tarehe za kufungwa kwa usafi hutangazwa mapema na wakala wa mazingira wa taifa, NEA, na Idi haikuja kwa kuvizia. Tulikuwa na wiki tatu za kujiandaa, hatukujiandaa. Dengu na njegere za kopo, wali wa kupasha na matunda, vyote vinaruhusiwa katika jiko lile.

Matokeo

Aprili ilifika dola 468, pamoja na lile shimo. Mei, mwezi wa kawaida usio na sikukuu ya kumsaidia wala kumkwaza, dola 489. Ukilinganisha na kasi ya Januari, ni pungufu ya dola 469 kwa mwezi, karibu shilingi laki tisa za Tanzania. Deni langu alilimaliza mwezi huohuo. Mkahawa hakuuacha kabisa. Anakwenda mara moja kwa mwezi na wenzake, na fedha yake imo ndani ya hizo 489.

Kuna ambalo halikwenda vizuri. Mwisho wa Aprili alianza kulalamika kiu, usiku anaamka kunywa maji. Mlo wake wa mezani mara nne kwa wiki ulikuwa mee soto, tambi za supu ya kuku, naye alikuwa anakunywa supu hadi tone la mwisho kwa kuwa ameilipia. Supu hizi zina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mtu anayekula milo yote nje hazimalizi gramu hizo jioni, huzimaliza mchana. Sasa anaiacha supu bakulini na anaongeza kipande cha papai cha dola 1 kutoka kibanda cha matunda. Daftari letu lilikuwa na safu ya bei, saa na umbali. Safu ya mboga haikuwamo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hasa ni kuuliza chanzo kabla ya dawa. Lau ningempa mawaidha ya kujibana pale Januari, angejibana wiki mbili kisha akarudi kwenye kuku wa kukaanga, kwa sababu swali lake la halali lingekuwa palepale. Kutembea naye kibanda kwa kibanda kulichukua saa moja na nusu, na ndiyo saa iliyoleta akiba kubwa kuliko zote.

La pili ni umbali. Mpango wa kwanza ulikuwa na sahani za bei nafuu zaidi kuliko wa pili, na ndio ulioanguka. Mtu mwenye njaa saa tatu usiku hapimi bei, anapima hatua. Wanaoshauri kuhusu kubana matumizi hupenda kulinganisha bei za sahani, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Kupandisha dari kutoka 12 hadi 16 nakuhesabu pia upande wa mafanikio, japo kuna aliyeniambia kwamba kijana angezoea njaa kidogo na kufika 400. Labda. Machi alifika 402 kwa sababu ya saumu na uji wa msikitini, na sioni haki ya kuupanga mwezi wa kawaida kwa kipimo cha Ramadhani.

Nililoshindwa mimi ni kalenda. Mpango uliosimama juu ya vibanda vinne, vitatu vya jamii moja, lazima uanguke siku ya sherehe ya jamii hiyo. Ningemtaka tangu mwanzo awe na akiba ya siku tano chumbani, na kibanda cha tano cha jamii nyingine. Walaji mboga wa Kihindi wana thosai, chapati nyembamba ya mchele na dengu, ya dola 2 na senti kidogo, na pale nyama haiingii kabisa.

Neno moja kuhusu bei yenyewe, kwa kuwa wengi husoma visa kama hiki wakidhani unafuu umeshuka kutoka mbinguni. Sahani ni ya dola 4.50 kwa sababu jengo ni la umma, hakuna asilimia 10 ya huduma, na vibanda vingi havifikii mauzo ya dola milioni moja kwa mwaka yanayomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa kodi ya mauzo. Mlaji naye anafanya kazi ya mhudumu: tangu Septemba 2021 ukiacha sinia mezani unaonywa, ukirudia unaweza kutozwa faini. Kijana alisahau mara moja, na mzee anayefuta meza akamwita kwa sauti ambayo kituo kizima kiligeuka. Na wachuuzi wengi ni watu wazima, makcik akiwa mmoja wao, anayeamka saa kumi alfajiri kukuna nazi. Watoto wake wako ofisini, hakuna hata mmoja anayekitaka kibanda.

Juni makcik alibandika karatasi mpya kioo kizima: nasi lemak, kutoka 3.50 hadi 3.80. Kijana alinitumia picha yake na ujumbe: "Kaka, senti 30 kwa siku 22 ni dola 6 na senti 60. Nimeshaziingiza."